NTA SI UCHAFU, NA USAHA SI NTA

(Mazungumzo yaliyotolewa na kikundi cha wafugaji nyuki kutoka Kitui mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokusanyika kwa semina ya siku moja. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa.)



Tunajua mlitutazamia tuzungumze juu ya mizinga na bei ya asali, kwa maana sisi ni watu wa nyuki. Leo tutazungumza juu ya nta, lakini si ile ya nyuki peke yake. Tutazungumza juu ya nta iliyo ndani ya sikio la kila mtu aliyeketi hapa, kuanzia mzee pale mbele hadi mtoto aliye mgongoni kwa mama yake.

Tunaona wengine wanacheka. Chekeni tu, hata sisi tulicheka. Lakini jambo hili nusura livunje kikundi chetu, na lilituonyesha aibu ambayo hatujaisahau. Kwa hiyo tutaanza na aibu hiyo, halafu tufike kwenye mafunzo.

Mama mweka hazina

Kikundi chetu kilikuwa na mweka hazina, mama mtu mzima, mwenye wajukuu. Alishika vitabu vyetu kwa miaka 11 na hakuna senti iliyopotea. Halafu mambo yakaanza kubadilika. Ukimwuliza hili, anajibu lile. Ukimsalimu kutoka nyuma, anapita tu. Wengine wetu tukaanza kunong'ona: eti mama huyu siku hizi anajiona, eti pesa zimempanda kichwani.

Siku moja mnunuzi alikuja akachukua asali. Katibu akaita kwa sauti, "Ndoo tatu!" Mama akaandika ndoo tano. Tatu na tano, sikilizeni vizuri, hazipishani sana mdomoni. Pesa zilipokuja zilikuwa za ndoo tatu, na kitabu kinasema tano. Basi tukauliza, pesa za ndoo mbili ziko wapi? Mama akasema ameandika alivyoambiwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwuliza mnunuzi.

Mkutano uliofuata, mwenyekiti alipendekeza mweka hazina abadilishwe. Akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu alikuwa anaona haya. Akaomba wanaokubali wainue mikono. Tukainua. Na mama mwenyewe, akiwa ameketi kando, akatutazama akaona mikono yote iko juu, naye akainua wake.

Tulifikiri anafanya kiburi. Tulikwenda nyumbani tukisema, umeona mama yule?

Miezi ikapita. Mama alikwenda kituo cha afya kupimwa presha. Muuguzi aliona jinsi anavyogeuza kichwa kila akiulizwa swali, akachukua kitochi cha kuangalia masikio, akaangalia. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta, ngumu, nyeusi kama lami. Alipewa matone ya kulainisha kwa siku tano, akarudi, akasafishwa kwa maji. Kazi yenyewe haikuchukua nusu saa. Anasema alipotoka nje kitu cha kwanza alichosikia ni ndara zake mwenyewe zikikanyaga kokoto, na alisimama akidhani mtu anamfuata.

Kwenye mkutano uliofuata alikuja, akaketi mbele, akaomba kumbukumbu za siku ile zisomwe. Katibu akasoma. Mama akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza, "Siku ile mimi nilidhani tunapiga kura juu ya siku ya kuvuna asali. Kumbe niliinua mkono nijiondoe mwenyewe?"

Hakuna aliyejibu. Mnunuzi alipoulizwa, alitoa stakabadhi yake, na ilikuwa imeandikwa ndoo tatu.

Tulimwomba msamaha, na tukamwomba arudi kazini. Alikubali kwa sharti moja: kila hesabu isemwe, iandikwe mahali pa kuonekana na wote, halafu isomwe tena. Sharti hilo tunalifuata mpaka leo, na limetusaidia hata sisi tunaosikia.

Neno lenyewe lina maana gani

Baada ya hapo tulimwalika muuguzi kwenye kikao chetu. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: kitu kile kinachotoka sikioni mnakiitaje?

Karibu sote tulijibu, uchafu. Uchafu wa masikio. Wengine walisema taka. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema, nta.

Muuguzi akasema mzee amepata. Kwa Kiswahili kitu hiki kinaitwa nta ya sikio, na jina hilo limechukuliwa kwenye mzinga. Wanaosema Kiingereza nao wameliita nta ya sikio. Hata jina la madaktari, serumeni, limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya nta ya nyuki. Watu wa mbali, lugha mbalimbali, wote walitazama kitu kile wakaona kinafanana na nta: kina rangi ya asali au ya kahawia, kinanata, na kikipashwa joto kinalainika.

Lakini tuelewane, kufanana si kuwa kitu kimoja. Nta ya nyuki hutolewa na nyuki vibarua kwenye tezi zilizo chini ya tumbo. Nta ya sikio hutengenezwa na ngozi yetu wenyewe. Ndani ya njia ya sikio, karibu na mlango, kuna tezi ndogo za aina mbili. Moja hutoa mafuta, na nyingine ni jamaa ya tezi za jasho. Yale yanayotoka huko yakichanganyika na magamba ya ngozi iliyokufa, vinywele na vumbi, ndiyo nta hiyo.

Sasa kwa nini tunasumbuka na jina? Sisi watu wa nyuki tunaweza kuwaeleza. Zamani hapa kwetu tulikuwa tukikamua asali, masega tunayatupa. Tuliyaita takataka. Tulipofundishwa kuyayeyusha, kuyachuja na kuuza nta, ndipo tulipojua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tukitupa mali. Nta ni ile ile, jina tu ndilo lililobadilika, na mikono yetu ikabadilika.

Sikio nalo ni hivyo hivyo. Ukiita kitu uchafu, utatafuta kijiti ukitoe. Ukikiita nta, utauliza kwanza, hii imewekwa hapa kwa kazi gani?

Kazi ya nta

Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5. Mwisho wake kuna ngozi nyembamba iliyowambwa, ndiyo ngoma ya sikio. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Sauti ikiingia, ngoma hiyo inatikisika na kuvisukuma vifupa vitatu vilivyo nyuma yake, na kimoja cha hivyo ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini.

Mahali pembamba namna hiyo panahitaji mlinzi, na mlinzi wa kwanza ni nta. Inashika vumbi na wadudu wadogo wasifike ndani. Inapaka ngozi mafuta isikauke na kuwasha. Inazuia maji yasikae. Tena ina ukali kidogo kama wa limau, ambao vijidudu na ukungu hawaupendi.

Na jambo ambalo lilitushangaza zaidi: sikio linajisafisha lenyewe. Ngozi ya njia ya sikio huota kuanzia kwenye ngoma ikielekea nje, polepole, kama ukucha unavyoota. Inabeba nta ya zamani kuipeleka mlangoni. Ukitafuna muthokoi, ukicheka, ukizungumza, taya linasaidia kuisukuma. Ikifika nje inakauka na kuanguka, au unaipangusa wakati wa kuoga. Kwa mtu mwenye sikio zima, hiyo ndiyo kazi yote.

Kitu kingine. Nta inatengenezwa sehemu ya nje tu ya njia ile, theluthi moja ya mlangoni. Ndani karibu na ngoma hakuna tezi za nta. Basi nta ikikutwa imeshindiliwa kule ndani, mara nyingi ni kwa sababu mtu ameipeleka.

Na msishangae mkiona nta za watu hazifanani. Sisi Waafrika wengi wetu tuna nta laini yenye kunata. Watu wengi wa Uchina, Japani na Korea wana nta kavu, kama maganda. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walitambua kwamba tofauti hiyo inatokana na badiliko dogo katika jeni moja tunayorithi kwa wazazi. Kwa hiyo nta ya jirani isikutie wasiwasi, wala nta nyingi si dalili ya mtu mchafu.

Tunavyojiumiza wenyewe

Hebu tuseme ukweli. Kati yetu hapa, nani hajawahi kuchokoa sikio? Njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, pini ya nywele, ufunguo, unyoya wa kuku, hata mwiba. Na wale wa mjini wanatumia vijiti vya pamba, wanaona wao ndio wasafi.

Mama yetu mweka hazina alikuwa akizungushia pamba kwenye pini ya nywele kila Jumamosi jioni ili Jumapili aende kanisani akiwa safi. Kila Jumamosi alitoa kidogo na kusukuma kingi. Ilikuwa kama kupakia magunia kwenye lori. Watu wana msemo kwamba mtu asiyetaka kusikia ametia pamba masikioni. Yeye alitaka sana kusikia, na pamba alitia kweli kweli.

Hatari ni tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kushindilia. Ya pili ni kuchubua ngozi, vijidudu vikaingia, sikio likavimba na kuuma. Ya tatu ni kutoboa ngoma. Mtu anachokoa, mtoto anakimbia anamgonga kiwiko, basi. Ni jambo la nukta moja tu.

Nta ikiziba

Kuna watu ambao nta inawaziba hata kama hawachokoi. Wazee, kwa kuwa nta yao hukauka na kuwa ngumu. Watu wenye njia nyembamba ya sikio au nywele nyingi ndani. Wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia, kwa kuwa kifaa kinafunga mlango. Mwongozo uliotolewa na madaktari wa masikio wa Marekani mwaka 2017 unasema nta huziba kwa kama mtoto 1 kati ya 10, mtu mzima 1 kati ya 20, na kwa wazee ni zaidi ya theluthi moja. Angalieni wazee wa vikundi vyenu, halafu mfanye hesabu.

Dalili zake ni kusikia kama mtu aliye chini ya maji, sikio kujaa, mlio wa ngi-i-i, wakati mwingine kizunguzungu au kikohozi kisichoeleweka.

Dawa yake si ngumu. Kwanza mtu aangaliwe kwenye zahanati au kituo cha afya, ili ijulikane kama kweli ni nta na kama ngoma haijatoboka. Kisha hupewa matone ya kulainisha. Inaweza kuwa mafuta ya zeituni, au matone ya magadi ya dawa yanayouzwa kwenye duka la dawa. Ulale ubavu, utie matone mawili au matatu, utulie dakika chache. Ufanye hivyo mara tatu au nne kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Mara nyingi nta hutoka yenyewe. Isipotoka, muuguzi aliyefundishwa ataisafisha kwa maji yenye joto sawa na la mwili. Maji ya baridi au ya moto humfanya mtu azunguke kichwa hata aanguke.

Lakini sikieni onyo hili. Ikiwa sikio linauma, linatoa usaha au damu, au uliwahi kuambiwa ngoma imetoboka, usitie mafuta wala maji. Nenda ukaangaliwe.

Usaha si nta

Sasa tufike upande wa pili, ambao ni mzito zaidi. Tumesema ni kosa kuiita nta uchafu. Kuna kosa la kinyume chake, nalo ni kuuita usaha nta.

Kwa jirani wa mmoja wetu kulikuwa na kijana wa darasa la 3. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa maji. Bibi yake akasema ni nta ya utotoni, ataiacha akikua. Majirani tukasema ni kweli, hata fulani alikuwa nayo. Ikawa inanuka. Nzi wakawa wanamfuata. Shuleni wenzake wakakataa kuketi naye, akahamishiwa nyuma kabisa. Huko nyuma hakusikia mwalimu, akawa wa mwisho darasani, wakasema ni mzito wa kichwa.

Miaka miwili ilipita hivyo. Alipofikishwa hospitalini, ngoma ya sikio lile ilikuwa na tundu kubwa. Sasa sikio limekauka, ameketi mbele, na alama zake zimepanda. Lakini upande ule wa kushoto hasikii vizuri mpaka leo. Tunajiuliza, sisi majirani tulipita kwenye boma lile mara ngapi, tukamwona, tukasema ni nta tu?

Kwa hiyo jifunzeni kutofautisha. Nta inanata, ina rangi ya asali, kahawia au nyeusi, hainuki vibaya, haiumi. Usaha ni majimaji au ute, mweupe, wa manjano au wa kijani, mara nyingi unanuka, na unalowesha mto usiku. Usaha ni ugonjwa. Mtoto anayetoa usaha apelekwe kituo cha afya mara moja. Ukizidi siku 14, ugonjwa huo umeshakuwa sugu na unaweza kula usikivu wake.

Pale kituoni mzazi hufundishwa kukausha sikio kwa utambi. Unachukua kitambaa safi chenye kunyonya maji, unakisokota kiwe kama utambi wa taa, bila kijiti. Unauweka sikioni, ukilowa unautoa, unaweka mwingine, mpaka sikio likauke. Ni mara tatu kwa siku. Kisha unatia matone ya dawa aliyoandika daktari. Dawa ikitiwa juu ya usaha haifiki mahali pake, kwa hiyo kukausha ndiyo nusu ya tiba.

Na mkiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, msingoje kesho. Huo ni ugonjwa umeingia kwenye mfupa, na mtoto apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 juu ya usikivu, lilieleza kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Yule kijana wa jirani angekuwa mmoja wao. Alikuwa akipita mbele yetu kila asubuhi akienda shule.

Vikundi vifanye nini

Hatukuja hapa kuwapa huzuni. Tumekuja na mapendekezo, na hayahitaji harambee.

1. Katika mkutano wenu ujao, tengeni dakika 20 kwa ajili ya masikio. Mwalikeni muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii.

2. Fanyeni jaribio dogo nyumbani. Simama nyuma ya mtu, kadiri ya urefu wa mkono, aweke kidole kwenye sikio moja, kisha useme neno kwa mnong'ono. Alirudie. Badilisha sikio. Asipoweza, aende akaangaliwe. Hili si kipimo cha daktari, ni la kutuamsha tu.

3. Mtoto anayeuliza "nini?" kila mara, anayeongeza sauti ya redio, asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, msimwite mkaidi na msimpige. Angalieni masikio yake kwanza. Mwelezeni mwalimu amketishe mbele.

4. Katika mikutano, ketini kwa duara, mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja, na hesabu ziandikwe na kusomwa tena.

5. Kabla ya kumwondoa mtu kazini, mwulizeni kama amesikia swali.

Kila tarehe 3 Machi dunia inaadhimisha Siku ya Usikivu. Kikundi chaweza kuchagua siku hiyo kila mwaka kuwapeleka wazee wake wote wakaangaliwe kwa pamoja.

Maswali yaliyoulizwa

Mama mmoja aliuliza: Basi mtoto nimsafishe vipi?
Tulijibu: Kitambaa laini chenye unyevu, juu ya kidole, pangusa sikio kwa nje na nyuma yake. Kidole kisiingie tunduni. Nta uliyoiona mlangoni ipanguse, ile usiyoiona iache.

Kijana aliuliza: Na mdudu akiingia?
Tulijibu: Usimfuate kwa kijiti, atazidi kuingia. Kama mtu hana usaha wala tundu kwenye ngoma, tia mafuta safi ya kupikia yasiyo moto ili mdudu afe, halafu nenda kituo cha afya atolewe. Lakini ikiwa ni punje ya mahindi au haragwe, usitie maji. Itavimba kama iliyorowekwa, na kuitoa itakuwa kazi kubwa. Mpeleke mtoto vile vile alivyo.

Mzee aliuliza: Sisi tulikuzwa kwa kutiwa mafuta ya moto, maziwa ya mama, hata mkojo. Mbona tulipona?
Tulijibu: Mzee wetu, mwili una nguvu zake, na wengi waliopona wangepona tu. Lakini mafuta ya moto huunguza ngoma. Maziwa ni chakula cha vijidudu. Mkojo, mafuta ya taa na maji ya betri visikaribie sikio kabisa. Waliodhurika hawapo hapa kujibu, au wapo lakini hawakusikia swali. (Watu walicheka, na mzee naye akacheka.)

Mwanachama wa kikundi cha akina mama aliuliza: Tumeambiwa kuna mishumaa ya masikio inayotengenezwa kwa nta ya nyuki, inachomekwa sikioni na kuwashwa, inavuta uchafu. Mbona nyinyi wenye nta msiitengeneze muuze?
Tulijibu: Kweli mtu alituletea biashara hiyo, na faida alituonyesha ni nzuri. Tulimwuliza muuguzi. Akasema mishumaa ile ilipopimwa haikuvuta chochote. Yale masizi mnayoonyeshwa ni ya mshumaa wenyewe, na watu wameungua uso na wengine ngoma zao kuzibwa na nta iliyodondoka. Tukaikataa. Nta yetu tunauza kwa mishumaa ya kuwekwa mezani, na nyingine tunapaka mizinga mipya nyuki wapate kuja.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama aliyeketi nyuma kabisa. Alisema: Mimi sijasikia nusu ya mliyosema. Nilifikiri ni umri.
Hatukuwa na jibu refu. Mama mweka hazina wetu alikuwa naye pale. Aliinuka, akaenda akaketi kando yake, akamwinamia sikioni akamwambia siku na saa ambazo muuguzi anapatikana, kisha akamwandikia kwenye karatasi na kumsomea tena.

Maneno ya kumalizia

Wazee wetu walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Walimkusudia mtu aliyekataa kuonywa. Lakini sisi tumejifunza kwamba si kila asiyesikia amekataa. Wengine wamezibwa tu, na dawa yake ni matone na dakika chache za muuguzi.

Kiswahili kimeyaweka maneno haya katika shina moja: sikio, kusikia, kusikiliza, na kusikilizana. Kikundi kinachosikilizana ndicho kinachoendelea. Basi tusimamie hata lile la mwanzo, sikio lenyewe, lililo dogo na ambalo tulizoea kulichokoa.

Mkirudi nyumbani jioni hii, ile pini itieni kwenye nywele, na njiti ziwasheni moto wa chai.